Je, Wajua? Homa na Kikohozi cha Mtoto, Kutoka Rusumo Hadi Nyakanazi

Je, wajua kwamba homa nyingi za watoto nchini huletwa na virusi? Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 waliofika na homa kwenye kliniki za wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara. Majibu yalichapishwa mwaka 2014. Watoto 7 kati ya 10 walikutwa na ugonjwa wa virusi, na wenye malaria walikuwa kama 1 kati ya 10. Zaidi ya nusu, shida ilikuwa kwenye njia ya hewa: pua, koo, kifua. Na katika hao, waliothibitishwa kwa eksirei kuwa na nimonia walikuwa asilimia 5 tu. Kwa hiyo mama anayeambiwa "ni virusi, nenda kanyonyeshe" asidhani amedharauliwa. Huenda amepewa jibu sahihi kuliko aliyeondoka na mfuko wa dawa nne.

Lakini hizo ni habari za Dar na Ifakara. Je, wajua kwamba Kagera ni mkoa wa malaria? Utafiti wa taifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea kwa asilimia 15 hivi ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7. Kwa mzazi wa Ngara au Biharamulo, "ni mafua tu" ni maneno ya kusema baada ya kipimo, si kabla.

Kipimo chenyewe ni tone la damu kwenye kidole, au kwenye kisigino kama mtoto ni mdogo, na majibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi. Zahanati wanacho.

Je, wajua kwamba kipimo kikisema malaria, kikohozi bado hakijajibiwa? Mtoto anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa pamoja. Akipewa dawa ya mseto peke yake huku mbavu zinazama, nimonia itaendelea na kazi yake. Muulize mhudumu bila aibu: "Na kifua chake umekiangalia?"

Je, wajua kwamba kifaa kimojawapo kizuri cha kutambua nimonia kiko mfukoni mwako? Ni saa ya simu. Homa peke yake haisemi mengi, mlio wa kikohozi nao hausemi mengi. Kinachosema ni kasi ya pumzi. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka kupita kiasi. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, mpaka ni 50. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, ni 40. Namba hizi ndizo wanazotumia wahudumu wa zahanati kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na hakuna sheria inayomkataza mama kuzijua.

Namna ya kuhesabu ina adabu zake. Mtoto awe ametulia: asilie, asiwe ananyonya. Mpandishe nguo hadi kifuani ili tumbo lionekane, maana mtoto mdogo hupumua kwa tumbo zaidi kuliko kifua. Kila tumbo linapoinuka, hesabu moja. Hesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa sababu pumzi za mtoto mdogo hazina mpangilio: huenda mbio, husita kidogo, kisha huendelea. Ukipata namba iliyovuka mpaka, mtulize, hesabu tena. Ikivuka mara ya pili, anza kutafuta usafiri.

Ugumu wa zoezi hili si hesabu, ni watu waliopo chumbani. Mama mkwe atauliza, "Mwanangu, mbona unamvua nguo na baridi yote hii ya Ngara?" Jibu la heshima lipo: "Nisamehe mama, namhesabia pumzi, dakika moja tu namfunika." Ukiona bado ana wasiwasi, mpe simu ashike, akwambie dakika ikiisha.

Huku ukihesabu, angalia pia sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapokutana na tumbo. Mtoto mzima akivuta hewa, pale hupanuka. Pakibonyea kuingia ndani kila anapovuta hewa, mapafu yanafanya kazi kupita uwezo. Hapo hata kama hana homa kabisa, ni safari ya hospitali.

Je, wajua kwamba kuna mtoto ambaye homa yake haisubiri hesabu yoyote? Ni wa chini ya miezi miwili. Joto la kwapani likifika nyuzi 37.5, au likishuka chini ya 35.5, anapelekwa kituoni saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku wa manane. Ndiyo, hata baridi ni dalili: mtoto wa wiki tatu mwenye maambukizi makali anaweza kupoa badala ya kuchemka. Usimpe parasetamo "kwanza tuone".

Na hawa wengine? Kwa mtoto wa umri wowote chini ya miaka mitano, dalili za kuondoka nazo nyumbani mara moja ni hizi: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea, amesinzia isivyo kawaida au haamki. Ongeza na mlio mkavu wa koo anapovuta hewa ilhali ametulia, na midomo au ulimi kugeuka rangi ya bluu au kijivu.

Je, wajua kwa nini mtoto mwenye mafua hugombana na ziwa? Katika miezi ya kwanza mtoto hupumua kwa pua karibu muda wote. Pua ikiziba kamasi, akishika ziwa anakosa hewa, analiachia, analia, anajaribu tena. Watu wakisema "amekataa ziwa", mara nyingine ukweli ni kwamba analitaka sana. Chemsha maji glasi moja, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi, acha yapoe kabisa. Dondoshea matone mawili kila tundu la pua, subiri kidogo, kisha sokota ncha ya kitambaa safi laini uitoe ile kamasi iliyolainika. Fanya hivyo kabla ya kunyonyesha na kabla ya kulala. Maji hayo yatengenezwe upya kila siku. Dawa hii haina jina la kampuni, na pengine ndiyo maana hakuna anayeitangaza.

Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88. Mtoto wa chini ya miezi sita mwenye homa hahitaji maji ya kunywa pembeni, anahitaji kunyonya mara nyingi zaidi, kidogo kidogo. Akishindwa kabisa kunyonya lakini anaweza kumeza, kamua umpe kwa kikombe kidogo safi.

Wa zaidi ya miezi sita aendelee na uji na chakula chake, hata vijiko vitatu kila baada ya muda. Akipona, mwongezee mlo mmoja wa ziada kwa siku kwa wiki mbili hivi, arudishe kilo alizopoteza.

Je, wajua kwamba kamasi ya njano au ya kijani haimaanishi bakteria? Ni chembe za kinga za mwili zilizokufa vitani, na rangi hiyo huonekana kwenye mafua ya virusi ya kawaida kabisa. Antibayotiki haiigusi.

Je, wajua kwamba homa ni kazi ya mwili wenyewe? Virusi vingi havipendi joto. Kushusha homa ni kumpa mtoto nafuu ili anyonye na alale, si kutibu ugonjwa. Ndiyo maana mwongozo wa zahanati hutaja parasetamo pale joto linapofika nyuzi 38.5 au mtoto anaposumbuka. Mtoto wa nyuzi 38 anayecheza na kunyonya hadaiwi dawa yoyote ya homa.

Kipimo cha parasetamo hufuata uzito. Ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, na isizidi mara nne kwa siku nzima. Mtoto wa kilo 8, kwa dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5, anahitaji kati ya mililita 3 na nusu na 5. Soma chupa kwanza, kwa sababu zipo zenye nguvu mara mbili ya hiyo. Na kijiko cha jikoni si kipimo: vijiko viwili vya nyumba moja vinaweza kutofautiana sana. Omba dukani bomba la sindano lisilo na sindano. Parasetamo ikizidi huumiza ini, na ini haliumi mapema ukajua.

Aspirini? Hapana. Kwa mtoto mwenye homa ya virusi inaweza kuleta ugonjwa wa nadra lakini mbaya wa ubongo na ini.

Blanketi mbili na kofia ya sufu haviondoi homa kwa jasho, vinaiongeza. Maji ya baridi nayo humtetemesha, na kutetemeka kunapandisha joto la ndani. Nguo moja nyepesi na shuka vinatosha, hata kwenye ukungu wa asubuhi wa Ngara, mradi mtoto yuko kifuani kwa mtu.

Je, wajua kwamba parasetamo haizuii degedege? Tafiti zimejaribu mara kadhaa na jibu limekuwa lile lile. Degedege la homa huwapata zaidi watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, na mara nyingi huisha lenyewe ndani ya dakika chache. Likitokea, mlaze ubavu mahali salama, legeza nguo za shingoni, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimwagie maji, usimpe dawa ya kumeza. Likikata, nenda naye kituoni siku hiyo hiyo hata kama amechangamka, kwa sababu kwenye mkoa wa malaria degedege linaweza kuwa malaria kali. Likipita dakika tano, usisubiri likate. Ule usemi kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa umezika watoto wengi. Kilichowaua ni kuchelewa, na sindano ndiyo iliyosingiziwa kwa sababu iliwafikia mwisho.

Je, wajua kwamba meno ya plastiki yamewahi kuandikiwa makala ya kitaaluma kutoka Kagera? Mwaka 1992 mwanaanthropolojia Brad Weiss alichapisha uchambuzi wake kuhusu ung'oaji wa meno hayo miongoni mwa Wahaya. Hadithi wengi wanaijua: mtoto ana homa, anaharisha au anakohoa, fundi anafunua ufizi, anaonyesha kitu cheupe laini na kusema ndicho kinachomla. Kitu kile cheupe ni jino changa la mtoto mwenyewe, mara nyingi chonge, ambalo bado halijakomaa. Likichokolewa, mtoto hubaki na kidonda, hatari ya pepopunda na ya kupoteza damu, na baadaye meno ya ukubwani yanaota vibaya au hayaoti. Homa ikiisha siku mbili baadaye, fundi huchukua sifa ya kazi iliyofanywa na kinga ya mtoto.

Kuota meno kwa kawaida kunaweza kupandisha joto kidogo tu. Homa ya nyuzi 39 si ya meno, tafuta sababu nyingine.

Kukata kimeo nako hakutibu kikohozi. Mtoto aliyekatwa hurudi na kikohozi kile kile, akiongezewa kidonda cha koo.

Je, wajua kwamba watoto kama 70 walikufa Gambia mwaka 2022 baada ya kunywa dawa za maji za kikohozi na mafua zilizochafuliwa? Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari: dawa hizo zilikutwa na dietilini glaikoli na ethilini glaikoli, kemikali za viwandani zinazoharibu figo. Tuseme basi dawa ya kikohozi ni safi kabisa: je, inamsaidia mtoto mdogo? Kwa watoto wa umri huu hakuna ushahidi mzuri kwamba inafupisha kikohozi, na zile zenye kodeini zinaweza kumzuia kupumua. Kumnunulia mtoto wa miezi saba chupa ya kikohozi ni kununua utulivu wa mzazi, na bei yake wakati mwingine inalipwa na mtoto.

Asali ni nzuri kwa kikohozi. Lakini kwa aliyetimiza mwaka mmoja tu. Chini ya hapo, mbegu za bakteria wa botulizimu zinazoweza kuwemo kwenye asali huota tumboni mwa mtoto na kutoa sumu inayolegeza misuli, ya kupumulia ikiwemo. Asali kutoka misitu ya Biharamulo, hata uone kwa macho yako inarinwa, haina kinga dhidi ya hili. Kuichanganya na limau na tangawizi hakubadilishi kitu.

Je, wajua kwamba mbunge wa zamani wa Biharamulo Mashariki ndiye aliyeipigia debe nyungu nchi nzima? John Magufuli alikalia kiti hicho tangu mwaka 1995 hadi 2010, kabla ya kuwa mbunge wa Chato, na mwaka 2020, akiwa Rais, alihimiza kujifukiza wakati wa korona. Mtu mzima akijifukiza, hiari yake. Mtoto asiwekwe juu ya sufuria ya maji yanayochemka: mvuke haujathibitishwa kumponya, na kuungua kwa maji ya moto kumethibitishwa vizuri sana. Dawa za kupaka zenye kafuri nazo zisitumike kwa walio chini ya miaka miwili.

Moshi, sasa. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa jikoni karibu huongeza maradufu hatari ya nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha, kuni mbichi za masika, na mtoto mgongoni mwa mama anayechochea maharage yasiyotaka kuiva: pale mtoto huvuta moshi saa mbili nzima. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Mtoto anayekohoa leo hawezi kungoja 2034. Mpe shangazi ambebe nje wakati wa kuchochea, au hamishia mafiga upenuni kama mvua imekata.

Je, wajua nani humletea mtoto virusi? Kule Kilifi, Kenya, watafiti walifuatilia familia vijijini mwaka 2009 na 2010, wakichukua ute wa pua za watu wote wa nyumba tena na tena, kutafuta kirusi kimoja maarufu kwa kubana vifua vya watoto wachanga. Walipofuatilia mlolongo wa maambukizi ndani ya nyumba, mara nyingi aliyetangulia kukipata ni kaka au dada, hasa wa umri wa shule. Sasa fikiria nani humbeba mtoto mama akiwa shambani. Dada wa miaka minane mwenye kamasi si mkosaji, lakini anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumpokea mdogo wake, na wiki ile ya mafua asimbusu usoni.

Mtoto wa mwaka mmoja au miwili anaweza kushikwa na mafua mara sita hadi nane kwa mwaka bila kuwa na kasoro yoyote ya kinga.

Je, wajua kwamba dripu si dawa ya homa? Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Hospitali ya Teule, Muheza. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu waligawanywa: wengine walimiminiwa maji mengi ya mshipani kwa haraka, kama vitabu vilivyokuwa vikielekeza, wengine hawakumiminiwa. Ndani ya saa 48, walikufa karibu 11 kati ya kila 100 katika waliomiminiwa, na 7 kati ya kila 100 katika wasiomiminiwa. Madaktari walitarajia kinyume chake. Mtoto aliyekauka kwa kuharisha bado dripu humwokoa. Lakini mzazi anayemng'ang'ania nesi, "mtundikie hata moja", kwa homa ya mafua, anaomba kitu kisicho na faida na chenye hatari zake.

Na amoksilini? Nimonia ikithibitishwa, vidonge vya kuyeyusha kwenye maziwa au maji kidogo, mara mbili kwa siku, kwa siku zote alizoandikiwa. Bila nimonia, amoksilini hufundisha tu bakteria wa tumboni namna ya kuishi nayo. Maduka ya Dawa Muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yaliwekewa wauzaji waliopewa mafunzo. Yupo anayekwambia "huyu mpeleke zahanati, simuuzii". Muuzaji wa namna hiyo ndiye wa kurudi kwake.

Je, wajua kwamba Kanda ya Ziwa ndiyo yenye selimundu nyingi? Uchunguzi wa sampuli za damu za watoto wachanga kaskazini magharibi mwa Tanzania ulikuta 1 kati ya 5 amebeba kinasaba, na zaidi kidogo ya 1 kati ya 100 ana ugonjwa wenyewe. Mtoto mwenye selimundu hana homa ndogo. Nyuzi 38.5 kwake ni hospitali, hata kama ana mafua ya wazi.

Je, wajua kwamba chanjo zimepunguza kazi hii ya kuuguza kwa kiasi ambacho bibi zetu wangeshangaa? Tangu mwaka 2009 chanjo ya bakteria wa Hib imo kwenye sindano ya watoto nchini, na mwaka 2013 ikaongezwa ya nimokoka, zote katika wiki ya 6, 10 na 14. Hawa wawili ndio waliokuwa wakifuata nyuma ya virusi: mafua yanachubua njia ya hewa, bakteria anaingia, siku ya tano homa iliyokuwa imeshuka inapanda tena. Homa inayoshuka kisha kurudi kwa nguvu, irudishe kituoni.

Surua nayo ni virusi, na huanza kwa homa, kikohozi, mafua na macho mekundu kabla vipele havijatoka. Ngara ina kumbukumbu yake: mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco. Kwenye msongamano kama ule, chanjo ya surua ni kati ya mambo ya kwanza kabisa, maana kirusi chake hubaki hewani hata mgonjwa akishaondoka. Tanzania pia ina mchango wake kwenye tiba: utafiti wa Hospitali ya Mvumi, Dodoma, uliochapishwa mwaka 1987, ulionyesha vitamini A ikipunguza vifo vya watoto wenye surua, hasa wa chini ya miaka miwili. Chanjo yenyewe ni miezi 9, halafu 18. Ile ya pili ndiyo inayosahaulika, mtoto akishaanza kukimbia.

 

Je, wajua kwamba Biharamulo imewahi kuwa na homa ya virusi ya aina nyingine kabisa? Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kwamba Marburg imethibitishwa wilayani humo. Sampuli ilipimwa kwenye maabara ya Kabyaile hapo hapo Kagera, kisha ikathibitishwa Dar es Salaam. Hadi mlipuko unatangazwa kwisha tarehe 13 Machi, walihesabiwa wagonjwa 10: wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa. Wote walifariki. Miaka miwili kabla, Machi 2023, Marburg ilikuwa Wilaya ya Bukoba, wagonjwa 9 na vifo 6.

Marburg si ugonjwa wa mafua na kikohozi, na mtoto anayepiga chafya asimtie mtu hofu hiyo. Tatizo ni kwamba siku za mwanzo hufanana na malaria: homa ya ghafla, kuumwa kichwa, mwili kuchoka, kutapika na kuharisha hufuata, na baadhi hutokwa damu. Hauenei kwa hewa kama mafua. Hupita kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa au maiti. Kwa hiyo kwenye benchi la zahanati, kabla ya kueleza kikohozi, sema kama kuna mtu nyumbani aliugua vibaya au kufariki karibuni, kama mtoto alikuwa naye, kama mlihudhuria maziko. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.

Je, wajua kwamba kikohozi cha virusi kinaweza kubaki hata wiki tatu baada ya homa kuisha? Hilo huwachosha wazazi na kuwapeleka dukani tena na tena. Lakini kikohozi kikipita siku 14 hakikisha kimechunguzwa, hasa mtoto akipungua uzito au kukiwa na mtu mzima nyumbani anayekohoa muda mrefu. Kifua kikuu cha mtoto mara nyingi hutoka kwa babu anayependwa na wajukuu.

Homa isiyo na malaria ikifika siku ya tatu haijakata, rudi kituoni. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Sera ya taifa inawasamehe watoto wa chini ya miaka mitano malipo ya matibabu katika vituo vya umma. Kinachochelewesha wengi ni nauli. Kutoka kijiji cha mpakani mwa Burundi hadi hospitali ya Murgwanza au ya Rulenge, au kutoka upande wa Nyakanazi hadi hospitali ya Biharamulo mjini, bodaboda ya usiku haishikiki kwa bei ya mchana. Wanakikundi wa kuweka na kukopa wanaojitengea mfuko wa dharura wa watoto wamefanya jambo la maana kuliko mabango mengi.

Ukipanda hiyo bodaboda, mshike mtoto wima kifuani, kichwa kikiwa juu ya kanga. Wengi hufunika uso kabisa kukwepa vumbi na upepo, na mtoto ambaye tayari hewa haimtoshi anapumua ndani ya kitambaa kilometa ishirini. Mwambie dereva asimame kila baada ya muda umtazame. Chukua kadi ya kliniki, chukua na chupa za dawa zote ulizompa, hata ile ya mitishamba, ili nesi ajue kilichokwisha kuingia tumboni kabla hajaongeza chake.